Molo: ning'oe nyasi ya Kikuyu nipande brakiaria kwa ajili ya kondoo?

MwanaTuri

Hamjambo wafugaji. Niko Turi, upande wa Molo. Nina ekari nne za malisho na kondoo thelathini hivi, Corriedale waliopandishwa na dume la Dorper. Shamba zima ni nyasi ya Kikuyu, imekuwepo tangu kabla sijazaliwa. Mvua ikiwepo hakuna shida. Taabu inaanza Januari, barafu ya alfajiri inaichoma, inakauka yote, na kondoo wanakonda hadi mvua ya Machi au Aprili irudi.

Sasa kila ninapoenda ni brakiaria, brakiaria. Jirani yangu wa ng'ombe wa maziwa ameletewa miche na shemeji yake kutoka Bungoma na kijiji kizima kinaongea. Mwenye trekta tayari nimemwona. Mpango ni kuua Kikuyu kwa dawa ya magugu kwenye ekari mbili, nilime, nipande brakiaria au Boma Rhodes. Nyinyi wenye kondoo, nasema kondoo si ng'ombe, mnalisha nini?

MamaDorper_Rongai

Mdogo wangu, mwambie huyo wa trekta anywe chai kwanza.

Mimi niko Rongai, huku chini kwenye joto, na Boma Rhodes ndiyo inayonilisha. Siwezi kuisema vibaya. Lakini Rongai si Molo. Hii nyasi ni ya joto. Ukishapita mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari inaanza kudumaa, na nyinyi mko karibu mita 2,500. Nina mteja Elburgon aliyeng'ang'ana nayo. Ilichipua vizuri, baridi ya Julai ikaifanya manjano, mwaka uliofuata pale palikuwa na magugu na ile ile Kikuyu aliyoilima. Siku hizi ananunua beli kwangu, na mimi silalamiki.

Kwa walio huku chini wanaosoma: mbegu yake ni nyepesi mno, upepo unaibeba. Ichanganye na mchanga mkavu au samadi iliyopepetwa ndipo uimwage, kisha buruta tawi la mti juu ya shamba, basi. Ukiifukia zaidi ya sentimita mbili haitoki. Kilo tano au sita kwa ekari zinatosha kama mbegu ni safi. Na usiwahi kuingiza kondoo. Inama, shika nyasi ijae kiganja, ivute kwa nguvu vile kondoo anavuta. Ikikatikia mkononi, mizizi imeshika. Ikitoka na udongo wake, funga lango urudi mwezi ujao.

Hei ikatwe inapoanza tu kutoa maua. Ukingoja ikomae ili upate beli nyingi, kondoo watachambua majani wakuachie vijiti, na umelipa vibarua kukata vijiti.

MwanaTuri

Asante dada. Boma Rhodes nimeifuta. Brakiaria je?

Kwato_Njoro

Hapo ndipo nilikuwa nangoja. Mimi ni mhudumu wa afya ya mifugo, nazunguka Njoro, Elburgon na Molo.

Brakiaria ni nyasi nzuri. Asili yake ni Afrika, ikapelekwa Amerika Kusini, ikaboreshwa Brazili na Kolombia, sasa imerudi nyumbani na jina kubwa. Taasisi za utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO na ILRI, wamezijaribu aina kadhaa hapa Kenya, na wenye ng'ombe wa maziwa wana haki ya kuzisifu. Ila kondoo ana ini lake.

Baadhi ya brakiaria, hasa ile inayoitwa Basilisk, zina kemikali iitwayo saponini. Kwa kondoo, saponini hizo zinaharibu ini na kuziba vijia vya nyongo. Sasa, majani mabichi yakimeng'enywa tumboni kuna rangi inayobaki, na kawaida ini huitoa kupitia nyongo. Ini likishindwa, rangi hiyo inazunguka na damu mpaka kwenye ngozi, na jua likiipiga ngozi inaungua. Inaanzia mahali pasipo na manyoya mengi. Masikio yanavimba, yanakuwa mazito na kuning'inia. Uso unafura, kope zinafunga. Kondoo anaacha kula, anasimama chini ya mti na kichwa chini, ukimfukuza juani anarudi kivulini. Ukimfunua mdomo ufizi ni wa manjano. Siku zikipita ngozi ya masikio inakauka na kubanduka vipande vipande.

Brazili shida hii wanaijua sana. Kondoo huathirika kuliko ng'ombe, na wanaotangulia ni wana-kondoo na wale walionunuliwa juzi ambao hawajawahi kuonja nyasi hiyo. Nimeitwa kwenye kisa kama hicho. Mwenye kondoo alikuwa na uhakika ni nyuki. Tuliwatoa kwenye nyasi ile siku hiyo hiyo, tukawafungia kwenye banda lenye giza, hei na maji. Wengi walipona. Kuna wawili mpaka leo wana masikio mafupi.

Sisemi ni sumu ya papo hapo. Wapo wanaolisha kondoo brakiaria na hawajaona kitu. Nasema isiwe chakula pekee, na wanyama wageni wasiingizwe kwa mkupuo. Kwako wewe wa Turi hata mjadala huu hauna kazi, maana barafu yenu ya Januari itaimaliza kabla kondoo hawajaifikia.

Mfugaji_Arusha

Wakuu habari za huko. Mkuu Kwato umenitia hofu. Mimi nina mbuzi, nimepanda Mulato, wanakula na wananenepa. Hizo saponini ni za Basilisk peke yake?

Kwato_Njoro

Si peke yake, ila ndiyo inayotajwa zaidi. Mulato ni chotara, na kwa Mulato II ukoo wa Basilisk umo ndani ya damu yake. Mbuzi wanavumilia kuliko kondoo. Endelea tu, wachanganyie na majani mengine, na kila ukinunua mbuzi mpya mwangalie masikio wiki za kwanza.

Mzee_MauNarok

Nimesoma yote, sasa mniruhusu.

Kijana, unauliza nyasi ipi ni bora, na kila mtu atakutajia ile inayozaa sana. Kondoo hali mavuno, anakula kile mdomo wake unafikia. Mtazame siku moja akiwa malishoni. Ng'ombe anazungusha ulimi, anavuta fungu zima, kwa hiyo anahitaji nyasi ndefu. Kondoo ana mdomo mwembamba uliopasuka katikati, anakata chini kabisa karibu na udongo, tena anachagua jani moja moja. Nyasi zinazosimama, kama Boma Rhodes, setaria na hata napia, moyo wa chipukizi lao uko juu ya ardhi. Kondoo akirudi mara kwa mara anaula huo moyo, na shina likiliwa moyo limekwisha. Kikuyu haijali. Inatambaa, mashina yake mengine yako chini ya udongo, mdomo haufiki huko. Ndiyo maana babu yako aliikuta na wewe umeikuta.

Hii ni nyasi ya nyanda zetu za juu. Australia wanayo, Afrika Kusini wanayo, wamechukua kutoka huku na wanalishia ng'ombe na kondoo kwa hesabu. Wewe unataka kuiua kwa dawa ya magugu. Na ikiwa utailima tu bila dawa, kila kipande trekta litakachokata kitaota. Umewahi kupanda viazi kwenye shamba lililokuwa na Kikuyu? Basi unanielewa.

Kasoro si ya nyasi, ni ya lango. Ekari nne ziko wazi, kondoo wanatembea zote kutwa nzima, wanarudia pale pale palipochipua tamu jana. Zigawe. Hata waya hafifu na vigingi vya mti unatosha kwa kondoo wa manyoya, wasumbufu ni hao machotara wa Dorper. Wapatie sehemu moja nyasi ikiwa imefika kwenye kifundo cha mguu, watoe kabla haijashuka chini ya upana wa vidole vinne, uiache ipumzike. Ikizidi kurefuka nayo ni hasara. Chini inafanya zulia la kahawia, juu kijani kidogo, kondoo ananusa anapita. Ikifika hapo tanguliza ng'ombe waishushe, kondoo wafuate.

Mvua ikishakolea tupa CAN, ile mbolea ya naitrojeni, gunia la kilo 50 kwa ekari. Kikuyu changa iliyopata naitrojeni inapita asilimia 15 ya protini. Hakuna mbegu ya kununua hapo.

MwanaTuri

Mzee wangu, asante sana. Lakini CAN kila msimu kwa ekari nne, na bei ya mbolea mnaijua.

MamaDorper_Rongai

Na hapo ndipo mimi na Mzee tunaachana kidogo, kwa heshima. Molo klova inaota yenyewe. Kwa nini ununue naitrojeni dukani wakati kuna mmea unaoitoa hewani? Ile klova nyeupe ya Kenya, yenye majani matatu na alama nyeupe katikati ya jani, inaishi ndani ya Kikuyu bila kubembelezwa. Australia walichukua mbegu yake hapa kwetu, wakaipa jina Safari, wanaiuza. Kondoo wanaipenda kuliko kitu chochote. Mpe fosforasi, hata samadi iliyooza vizuri inasaidia, na uiweke nyasi fupi ili klova ipate jua.

Ukimwaga CAN kwa wingi, Kikuyu inapanda na kuifunika klova, inakufa. Kwa hiyo uchague. Mbolea na klova kwenye sehemu moja ni pesa mbili kwa kazi moja.

Mzee_MauNarok

Hilo nakubali, mama. Mimi nina vyote viwili, lakini sehemu tofauti. Ile ya CAN ni ya kondoo waliozaa, nataka majani haraka. Nyingine nimeiachia klova. Udongo wa Mau ni wa tindikali, nilipoweka chokaa ndipo klova ilianza kuonekana.

Kwato_Njoro

Klova sawa, ila msiwafungulie kondoo wenye njaa asubuhi waingie kwenye klova tupu yenye umande. Wanafura tumbo. Si sana kama ng'ombe, lakini nimeona. Ubavu wa kushoto unapanda juu, ukiugonga unalia ngoma. Mililita 50 hadi 100 za mafuta ya kupikia mdomoni, polepole asipaliwe, kisha umtembeze na unipigie simu. Wapeni hei kidogo kabla hawajatoka, hamtanihitaji.

Kuna jambo Mzee ameligusa bila kulitaja, nalo ni minyoo. Vile vidole vinne si vya nyasi tu. Mayai ya minyoo yanashuka na kinyesi, yanaanguliwa, na vibuu vinapanda kwenye majani kwa unyevu wa umande. Vingi havipandi mbali, vinabaki chini kabisa pale ambapo mdomo wa kondoo unapenda kufika. Ukiwaacha wakate mpaka kwenye udongo unawalisha minyoo. Kwenye joto vibuu vinakomaa ndani ya wiki moja au chini ya hapo, kwa hiyo kondoo asikae sehemu moja zaidi ya siku nne au tano. Baridi ya Molo inavichelewesha kukomaa, lakini pia inavihifadhi. Huko Baringo vikikaa bila mnyama vinakauka na kufa ndani ya wiki chache. Molo vinaweza kuvuka miezi. Kwa hiyo kupumzisha shamba peke yake hakutoshi. Ng'ombe wa jirani yako wa brakiaria wana kazi hapa. Minyoo mingi ya kondoo ikiingia tumboni mwa ng'ombe haiendelei. Badilishaneni malisho, ng'ombe wake wafyonze vibuu vyako.

Na kila mara funua kope la chini. Likiwa jekundu, mwache. Likiwa limepauka, huyo anahitaji dawa. Mkiwapa dawa wote kila mwezi mnafuga minyoo sugu.

JaKano

Nimefuatilia kimya, naomba na sisi wa Kisumu tukumbukwe. Niko Kano, tambarare, udongo mweusi, mvua ikinyesha maji yanasimama. Nina kondoo wa kienyeji. Naweza kuja kuchukua vipande vya Kikuyu huko Molo nipande huku? Maelezo ya Mzee yamenivutia.

Mzee_MauNarok

Usipoteze nauli, kijana wangu. Kisumu ni mita 1,100 na kidogo, joto hilo Kikuyu haitalipenda. Uko na ile nyasi inayotambaa yenye vichwa vya vidole vinavyotawanyika, iko kando ya barabara zote za huko. Hiyo ndiyo Kikuyu yako. Ilinde.

Kwato_Njoro

Kweli. Sehemu iliyoinuka kidogo, Boma Rhodes pia itakufaa kwa kukata. Lakini JaKano, vita vyako ni maji. Palipotuama maji kuna konokono, na palipo na konokono kuna mnyoo wa ini. Kwato nazo zinaoza. Zungushia ua kwenye kingo za vidimbwi hata kama ndiko kwenye kijani kizuri. Na ukitafuta dume, usikimbilie Dorper kwa sababu ya ukubwa. Kondoo Mwekundu wa Kimaasai anavumilia minyoo ya tumbo kuliko Dorper, na huko kwenu atakusaidia.

JaKano

Erokamano, daktari. Hata sikuwa nimeuliza kuhusu dume na umenijibu.

MwanaTuri

Basi wakubwa, trekta nimeliahirisha. Lakini swali langu la kwanza bado linaniuma. Hata nikigawa, hata nikiweka klova, Januari barafu itakuja. Kuna mtu sokoni ameniambia nipande Nandi setaria kwa sababu inavumilia baridi. Mwingine anasema raigrasi.

Kwato_Njoro

Setaria inavumilia baridi kuliko Boma Rhodes, hilo ni kweli, na hata unyevu inavumilia. Ina oksalati. Inashika kalisi mwilini. Kondoo aliyezoea hana neno. Kondoo mwenye njaa akiingizwa ghafla kwenye setaria changa iliyotoka kupewa mbolea anaweza kutetemeka na kuanguka, hasa jike aliye karibu kuzaa au anayenyonyesha. Kama una punda, na najua Molo mna punda, usimwache aishi humo. Inamharibu mifupa taratibu. Kama unaitaka, ipande kipande cha kukata, uwape pamoja na vitu vingine.

Mzee_MauNarok

Raigrasi inakubali huku juu, tangu zamani. Walowezi walilishia kondoo wa manyoya. Lakini ni nyasi inayotaka maji kila wakati, kiangazi kikija inalala mapema kuliko Kikuyu, na mbegu ni ya kununua. Kwa shida yako ya Januari haitakuokoa.

Hakuna nyasi ya kuchungia itakayobaki kijani Molo mwezi wa pili bila maji. Chakula cha Januari kinapandwa Agosti. Lima nusu ekari tu, ile yenye Kikuyu dhaifu, uue mizizi vizuri. Panda oti pamoja na vechi, mmea wa jamii ya kunde, mwishoni mwa Agosti. Punje zikiwa na maziwa, ukiibonyeza kwa kucha inatoka nyeupe, kata, anika mvua ikipungua, weka darini. Angalia ugonjwa wa kutu kwenye majani ya oti. Ikianza mapema, kata mapema, usingoje maziwa.

MamaDorper_Rongai

Tufanye hesabu kabla hajaenda. Kondoo wa kilo 40 anakula asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake kwa siku, chakula kikiwa kimekauka kabisa. Hiyo ni kilo 1.2 hadi 1.6. Kondoo 30 ni kilo 36 hadi 48. Beli la kilo 15 bado lina unyevu kidogo, lihesabu kama kilo 13. Kwa hiyo wakila hei peke yake ni beli tatu au nne kila siku. Wakipata nusu kwenye malisho, beli mbili. Kuanzia Januari mosi hadi katikati ya Machi ni siku 75, kwa hiyo beli 150. Nusu ekari ya oti haifikishi hapo. Itakupunguzia tu.

Njia nyingine ni kupunguza midomo. Madume yote ambayo hayatapandisha yauze Desemba, wakati watu wanatafuta nyama ya Krismasi. Kwa nini uvuke nayo kiangazi?

MwanaTuri

Hilo la Desemba limeniingia. Wako saba au nane.

Kwa hiyo: Kikuyu inabaki, nagawa sehemu sita kwa kuanzia, nusu ekari oti na vechi. Klova nitaanza na sehemu mbili za chini ambako naona imeota yenyewe. Jirani nitaongea naye kuhusu ng'ombe. Akiniuliza kuhusu brakiaria nimwambie nini?

Mzee_MauNarok

Usimwambie kitu. Ni jirani, na unataka ng'ombe wake.

Kwato_Njoro

Jambo moja la mwisho ambalo halihusu nyasi. Mkianza kubadilishana malisho msibadilishane jiwe la chumvi. Madini ya ng'ombe yana shaba nyingi, kondoo haiwezi, inajikusanya kwenye ini halafu siku moja anakojoa damu na kufa. Nunua ya kondoo, pakiti iandikwe kondoo. Akikuambia dukani kwamba zote ni sawa, toka.

MamaDorper_Rongai

MwanaTuri, hizo beli nyingine uniambie kabla ya Oktoba nikuwekee. Usafiri ni wako, na beli zangu nazipima mbele ya mteja.